Mfalme Mwanamke na Majina Yake Matano

Mwaka wa 1829 bwana mmoja Mfaransa, jina lake Jean-François Champollion, alifika kwenye magofu ya hekalu la kale lililojengwa chini ya majabali marefu, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, kuuelekea mji wa Luxor. Mahali hapo huitwa Deir el-Bahri. Champollion ndiye aliyeyafumbua maandiko ya kale ya Misri mwaka wa 1822, baada ya karne nyingi ambazo watu waliyatazama maandiko yale kama watazamavyo nyayo za ndege mchangani. Siku hiyo alikuwa akisoma ukutani, mstari kwa mstari, kama karani asomavyo daftari lake; mara akakutana na jambo lililomkwaza.

Ukutani palichorwa wafalme wawili. Mmoja alimjua: Thutmose wa Tatu, mpiganaji mashuhuri, ambaye habari zake zimejaa katika mahekalu ya Misri. Wa pili hakumjua. Naye alikuwa mfalme kamili, mwenye ndevu za kifalme na nguo fupi ya kiunoni kama walivyovaa wafalme wote. Tena Thutmose alimwachia mahali pa mbele. Jina lake Champollion hakupata kuliona katika orodha yo yote ya wafalme. Lakini kilichomshangaza zaidi ya vyote ni sarufi. Kila palipotajwa yule mwenye ndevu, maneno yaliandikwa kwa namna ya kike, kana kwamba anayesemwa ni malkia.

Msomaji wa Kiswahili halioni tatizo hili upesi, kwa maana lugha yake haimwulizi. "Amekuja" ni amekuja, awe bwana awe bibi, na mtu aweza kusoma barua nzima asijue kama mwenye kutajwa ni mwanamume au mwanamke. Kimisri cha kale hakikuwa hivyo. Waliosoma Kiarabu watafahamu kwa urahisi, kwa kuwa lugha hizo mbili zina udugu wa mbali: neno la kike lilipewa sauti ya "t" mwishoni, na sauti hiyo iliandikwa kwa picha ndogo ya mkate, bapa chini na mviringo juu. Basi mwana wa kiume wa mungu Ra ni "sa Ra". Binti yake ni "sat Ra", na tofauti yao yote ni kipande hicho cha mkate. Champollion alikisia mengi juu ya vipande vile alivyovikuta mahali pasipo pake, lakini alikufa mwaka wa 1832 kabla fumbo halijafumbuliwa lote. Waliomfuata ndio waliolimaliza. Mfalme yule mwenye ndevu alikuwa mwanamke, jina lake Hatshepsut, aliyeitawala Misri karibu miaka 3,500 iliyopita.

Ili kufahamu jinsi jina lake lilivyopotea, yafaa kwanza kufahamu majina ya wafalme wa Misri yalikuwa kitu gani. Neno "Farao" tulijualo katika Maandiko halikuwa jina la mtu. Maana yake ni "Nyumba Kuu", yaani jumba la mfalme, na lilianza kutumiwa kwa mfalme mwenyewe karibu na zamani zizo hizo za Hatshepsut, kama watu wasemavyo "Ikulu imeamua" wakimaanisha mtu aliyemo ndani. Jina halisi la mfalme lilikuwa refu zaidi, nalo lilikuwa na sehemu tano.

La kwanza lilikuwa jina la Horus, mungu mwenye umbo la kipanga. Liliandikwa ndani ya picha ya jumba la mfalme, na kipanga amesimama juu yake. La pili lilikuwa jina la Mabibi Wawili, tumbusi wa kusini na swila wa kaskazini, ambao kila mmoja alilinda nusu yake ya nchi. La tatu likaitwa jina la Horus wa Dhahabu. La nne ni jina la kiti cha enzi, ambalo mfalme alilipata siku ya kutawazwa, nalo lilitanguliwa na picha ya ndago na picha ya nyuki, alama za Misri ya Juu na Misri ya Chini. La tano ni jina alilopewa mtoto alipozaliwa, likitanguliwa na maneno "mwana wa Ra". Majina haya mawili ya mwisho yalizungushiwa kamba iliyofungwa fundo, ili yakae ndani yake kama ng'ombe ndani ya boma. Askari wa Napoleon walipoziona kamba zile zilizochongwa mawe ziliwakumbusha risasi za bunduki zao, wakaziita kwa jina hilo, na wataalamu hulitumia mpaka leo.

Majina hayo hayakuwa mapambo tu. Katika mwaka wa kwanza wa Thutmose wa Kwanza, baba yake Hatshepsut, barua ya mfalme ilipelekwa kusini kwa Turi, liwali wa Nubia. Barua ile ilimjulisha kwamba bwana wake ametokea kuwa mfalme. Ikayataja majina yote matano kwa utaratibu wake. Ikamwamuru atoe sadaka kwa miungu ya Elephantine, na viapo viapwe kwa jina jipya. Ni waraka wa serikali hasa, na karani wa siku hizi angeutambua mara moja. Nakala zake zilichongwa juu ya mawe na zimedumu hata leo. Tangu siku waraka kama huo ulipofika, tarehe zote za nchi zilihesabiwa kwa miaka ya mfalme yule: mwaka wa pili, mwaka wa tatu, mpaka afe, kisha hesabu ikaanza tena kwenye moja. Hata mtungi wa mafuta ulikuwa na mwaka wa mfalme juu yake. Mtu akiliondoa jina la mfalme, alikuwa ameondoa na miaka yake.

Katika jina la Horus la Thutmose wa Kwanza lilitangulia neno ambalo wafugaji wa ng'ombe hawahitaji kuelezwa: "Fahali Mwenye Nguvu". Wafalme waliomfuata, mwanawe na mjukuu wake, walilishika neno hilo. Hapo ndipo penye shida. Majina matano ya ufalme yalishonwa kama kanzu kwa kipimo cha mwanamume, na ghafula akatokea mwanamke wa kuivaa.

Hatshepsut alikuwa binti wa Thutmose wa Kwanza na malkia Ahmose, mke wake mkubwa. Baba alipokufa, ufalme ulimwendea Thutmose wa Pili, mwana wa mke mwingine, naye Hatshepsut akaolewa na ndugu yake huyo, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Wakazaa binti, Neferure. Karibu na mwaka wa 1479 kabla ya Kristo mume naye akafa, akaacha mwana wa kiume mdogo sana, aliyezaliwa na mke mwenziwe Hatshepsut, jina lake Isis. Mtoto huyo akatawazwa, akapewa majina matano yote na Fahali mwanzoni, ingawa labda hakuwa na umri wa kuchunga hata mbuzi. Ndiye Thutmose wa Tatu. Mwendeshaji wa mambo alikuwa mjane. Ofisa mmoja, Ineni, aliandika katika kaburi lake bila kuficha kwamba mtoto alikaa katika kiti cha baba yake, lakini Hatshepsut ndiye aliyeyaamua mambo ya nchi, na Misri ikainama kichwa ikafanya kazi kwa ajili yake.

Hata hapo hapakuwa na ajabu. Mama au mjane kumshikia mtoto ufalme mpaka akue ni jambo lililopata kutokea Misri mara nyingine. Ajabu ni kwamba miaka ilipopita Hatshepsut hakubaki mshikaji. Alijitawaza kuwa mfalme, pamoja na mtoto aliyekwisha kutawazwa, wala hakumwondoa. Wakawa wafalme wawili juu ya hesabu moja ya miaka.

Ilikuwa lini? Jibu limetoka katika mitungi. Hatshepsut alikuwa na msimamizi wake mkuu, Senenmut, mtu asiye wa ukoo mkubwa, ambaye baba yake hakuwa na cheo cho chote cha kutajwa. Mwaka wa 1936 wachimbuzi wa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York walilifungua kaburi dogo la wazazi wa Senenmut, Ramose na Hatnofer, ambalo halikuguswa na wezi. Ndani yake palikuwa na mitungi. Mmoja uliandikwa mwaka wa 7. Mwingine ulipigwa muhuri wa "Mke wa Mungu Hatshepsut", cheo alichokuwa nacho tangu alipokuwa malkia. Na mingine miwili ilipigwa muhuri wa "Mungu Mwema wa Kike, Maatkare", na Maatkare ni jina lake la kiti cha enzi. Basi kufikia mwaka wa 7 wa Thutmose kijana, karani wa ghala alikuwa na mihuri miwili mezani, wa zamani na mpya, ya mtu mmoja.

Yafaa kuyatazama majina aliyojitwalia moja moja, maana ndani yake akili ya mtu yaonekana kuliko katika sanamu.

Jina lake la Horus lilikuwa Wesretkau. Maana yake ni "Mwenye Nguvu za Ka", na "ka" ni ile nafsi ya uhai ambayo Wamisri waliamini huumbwa pamoja na kila mtu. Nguvu imo, bali Fahali hayumo. Hatshepsut, au makarani waliomtungia, waliliacha neno ambalo baba yake, mumewe na mwana wa mumewe wote walikuwa nalo, na badala ya "user", nguvu ya kiume, wakaandika "wesret", yenye mkate wake.

La Mabibi Wawili lilikuwa Wadjrenput. Neno "wadj" ni rangi ya majani na tena ni ubichi wenyewe, usitawi wa mmea uliopata maji. Jina zima ni kusema kwamba miaka yake ni mibichi kama shamba baada ya mvua. Na kwa watu ambao chakula chao chote kilitegemea gharika ya Nile ya kila mwaka, hiyo haikuwa sifa ndogo. La Horus wa Dhahabu lilikuwa Netjeretkhau, "Wa Kiungu Katika Kutokea Kwake", na kutokea huko huandikwa kwa picha ya jua linapochomoza juu ya kilima. Hapa tena neno "mungu" limepewa mwisho wa kike.

Jina la kiti cha enzi ndilo fupi na ndilo zuri kuliko yote. Maatkare: "Haki ndiyo Ka ya Ra". Huandikwa kwa picha tatu tu, duara la jua, mwanamke Maat aliyeketi, na mikono miwili iliyoinuliwa, na duara la jua hutangulia kwa heshima ijapokuwa husomwa mwisho. Maat ni haki, ukweli na utaratibu wa ulimwengu, kitu ambacho kila mfalme aliapa kukilinda. Ilitokea kwamba Wamisri walimchora Maat kuwa mwanamke. Hatshepsut hakulazimika kubadili herufi hata moja ili aliweke umbo la kike katikati ya jina lake la kifalme.

Likabaki la tano, nalo lilikuwa gumu, kwa sababu jina la kuzaliwa mtu halichagui. Hatshepsut maana yake ni "Aliye Mbele ya Mabibi Watukufu". Mfalme gani wa kiume angeitwa hivyo? Hakulitupa. Aliliongezea tu, Khenemet-Amun, "Aliyeungana na Amun", mungu mkuu wa Thebes, akalifunga ndani ya kamba ya kifalme. Kwa hiyo watu waliomwona katika sanamu waliona ndevu na kifua cha mwanamume, na waliosoma maandiko miguuni pa sanamu hiyo hiyo walisoma bibi wa mabibi. Makarani wenyewe nyakati nyingine walitatizika: katika mstari mmoja wataandika "mwana", na katika wa pili "binti", na haieleweki kama ni amri au ni mazoea ya mkono.

Wengi husema kwamba Hatshepsut alitaka kuwadanganya watu wamdhanie mwanamume. Mtu aliyetaka kudanganya asingeandika majina namna hiyo. Ndevu zilikuwa vazi la kazi, na kazi ile haikuwa na vazi lingine.

Alitawala vizuri. Hekalu lake la Deir el-Bahri, aliloliita Djeser-Djeseru, yaani Takatifu ya Matakatifu, lina matuta matatu yanayopanda hata kugusa jabali, na ni vigumu kulitazama bila kukubali kwamba aliyelipanga alijua kazi. Katika ukuta mmoja pamechorwa habari za kuzaliwa kwake: mungu Amun anamjia malkia Ahmose kwa sura ya mumewe, kisha mungu Khnum anamfinyanga mtoto pamoja na ka yake juu ya gurudumu la mfinyanzi. Watoto walio juu ya gurudumu wana umbo la wavulana, lakini maneno yaliyoandikwa juu yao ni ya msichana.

Ukuta mwingine wasimulia safari ya nchi ya Punt, katika mwaka wa 9. Merikebu tano ziliongozwa na mtunza muhuri wake, Nehsi, hata nchi iliyoko upande wa Bahari ya Sham, ambako nyumba zilijengwa juu ya nguzo na kupandwa kwa ngazi. Mkuu wa nchi, Parahu, alikuja kuwapokea pamoja na mkewe Ati, mama wa mwili mkubwa sana. Mchoraji hakukosa kumchora na punda wake, mdogo kama mbwa, na kuandika kwamba huyo ndiye punda ambebaye. Walipakia dhahabu, mpingo, pembe za ndovu, ngozi za chui na nyani walio hai. Lakini mali waliyoithamini zaidi ilikuwa miti 31 ya manemane, mibichi, na mizizi yake na udongo ndani ya vikapu, ikachukuliwa kwa miti mabegani mwa watu. Kila mkulima aliyehamisha miche anajua hofu ya watu wale. Wataalamu wamebishana muda mrefu kuhusu mahali Punt ilipokuwa. Uchunguzi wa mifupa ya nyani waliopatikana Misri, uliotangazwa mwaka wa 2020, umeonyesha upande wa Ethiopia, Eritrea, Djibouti na Somalia.

Zaidi ya hayo aliinua katika hekalu la Karnak nguzo za jiwe moja, nyembamba, zilizochongoka ncha. Mbili za mwaka wa 16 zilikatwa huko Aswan katika muda wa miezi saba, kama asemavyo mwenyewe. Moja ingali imesimama. Urefu wake ni karibu futi 97 na uzito wake unapita tani 300, na hakuna fundi wa leo aelezaye kwa hakika kila hatua ya jinsi walivyoisimamisha.

Katika mwaka wa 22 Hatshepsut alikufa, na Thutmose wa Tatu akabaki mfalme peke yake. Mwaka uliofuata alitoka na jeshi mpaka Megiddo, akashinda, na tangu hapo alipigana karibu kila mwaka. Kwa miaka ishirini na zaidi majina ya Hatshepsut yalibaki mahali pake ukutani. Kisha, Thutmose akiwa mtu mzima aliyekaribia uzee, mafundi walitumwa na patasi.

Walifanya kazi kwa namna mbalimbali. Mahali pengine walikwangua sura nzima, kukabaki kivuli chenye umbo la mtu. Mahali pengine walilitoa jina lake tu, wakaweka la baba yake au la mumewe. Jina la kiti cha enzi la Thutmose wa Kwanza ni Aakheperkare. Linaanza kwa duara lile lile la jua na kumalizika kwa mikono ile ile ya ka kama Maatkare, hata mbadilishaji aligusa katikati tu. Huenda fundi alifurahi kwa wepesi huo. Lakini kubadili jina si kubadili sentensi. Maneno yaliyolizunguka jina, yakimwita binti, bibi na mpendwa wa kike, yalikuwa mengi mno, nao wakayaacha. Matokeo yake ni kuta zinazosema habari za Thutmose, binti wa Ra. Vipande hivyo vya mkate, vidogo kuliko ukucha mahali pengine, ndivyo Champollion alivyoviona mwaka wa 1829.

Kwa nini walifanya hivyo? Zamani watu wa Ulaya walipenda kusimulia juu ya kijana aliyenyang'anywa ufalme na mke wa baba yake, akangoja kulipiza kisasi. Hadithi hii ina tundu. Mwenye hasira hangoji miaka ishirini akiwa na nguvu zote mikononi. Tena, walipokuta Hatshepsut ameandikwa kama mke wa mfalme, mafundi mara nyingi walimpita bila kumgusa. Kosa halikuwa kwamba mwanamke huyu aliishi, wala kwamba aliolewa na mfalme. Lilikuwa lile jina ndani ya kamba. Wengi sasa hufikiri kwamba Thutmose alitaka kumwandalia njia mwanawe, Amenhotep wa Pili, ili ufalme uonekane umeshuka kutoka kwa Thutmose wa Kwanza hata wa Pili hata wa Tatu, mwanamume kwa mwanamume, pasipo mwanya ambao jamaa mwingine wa kike au watoto wake wangeutumia siku moja.

Sanamu zake za Deir el-Bahri zilivunjwa zikatupwa mashimoni, na vipande vyake vilifukuliwa katika miaka ya 1920 na Herbert Winlock wa Metropolitan, aliyeviunga kwa subira kubwa. Mwaka wa 2025 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Toronto alionyesha kwamba nyingi zilivunjwa kwa taratibu shingoni, kiunoni na magotini, namna ambayo Wamisri waliitumia kwa sanamu za wafalme wengine pia ili kuzitoa nguvu zake. Kwa patasi za ukutani hoja hiyo haitoshi.

Kazi ilifaulu kwa muda. Mfalme Seti wa Kwanza, yapata miaka 150 na zaidi baadaye, alichonga huko Abydos orodha ya majina 76 ya wafalme wa kuheshimiwa. Baada ya Thutmose wa Pili linafuata jina la Thutmose wa Tatu, wala hapana nafasi baina yao. Miaka ishirini na miwili ya Misri imepita hapo kama haikuwako. Na kwa imani ya Wamisri aliyekosa mtu wa kulitaja jina lake alikufa mara ya pili, kifo kisicho na kaburi.

Hata hivyo mahali fulani hesabu ilikuwa imehifadhiwa. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo kuhani wa Misri aitwaye Manetho aliandika historia ya nchi yake kwa Kiyunani, na katika maneno yake yaliyonakiliwa na Myahudi Josephus amo malkia Amessis, aliyetawala miaka 21 na miezi 9. Jina limeharibika. Muda ni karibu sawasawa.

Mwili wake je? Mwaka wa 1881, katika pango la Deir el-Bahri ambamo makuhani waliwaficha wafalme, palipatikana kisanduku cha mti chenye jina la Hatshepsut. Mwaka wa 2007 wakuu wa mambo ya kale wa Misri walitangaza kwamba ndani yake mna jino, na kwamba jino hilo lafaa katika kinywa cha maiti ya mwanamke isiyo na jina, iliyotoka katika kaburi dogo la Bonde la Wafalme. Si wataalamu wote waliokubali.

Nguzo ya Karnak haina ubishi. Thutmose wa Tatu hakuiangusha; aliijengea ukuta kuizunguka, ikafunikwa mpaka juu ya paa la ukumbi, ncha yake tu ikaonekana kwa mbali. Ukuta huo umekwisha kubomoka, na sehemu iliyofichwa imehifadhika vizuri kwa sababu ilifichwa. Chini kabisa, katika msingi wake, Hatshepsut anasema kwamba moyo wake unakwenda huku na huku akiwaza watakayosema watu watakaoiona kazi yake katika miaka ya baadaye. Jina Maatkare liko pale ndani ya kamba yake, zima: jua, mwanamke aliyeketi, na mikono miwili.